Mapora Sita wa Jenifa

Kila jioni, jua linapozama nyuma ya mabati ya mtaa wa Cheyo, Apolinaria husimama mlangoni mwa banda lake la kuku akahesabu miguu. Vichwa havihesabiki, anasema. Kuku akiingia bandani anainama, anageuka, anampanda mwenzake mgongoni, ukija kushtuka umemhesabu mmoja mara mbili na mwingine umemsahau nje. Mguu hausemi uongo. Na miguu ya kuku wake inajulikana mtaa mzima, kwa sababu kila mmoja umefungwa utepe.

Apolinaria ni fundi cherehani. Anashona sare za shule barazani kwake, na vipande vinavyobaki havitupi. Kuna bluu ya bahari, kijani, kaki, damu ya mzee, nyeupe ya mashati, hata zambarau ya shule moja ya watoto wadogo. Anachana utepe mwembamba, anafunga juu kidogo ya kidole, si kwa kukaza. Kwa hiyo kuku wake wanazurura Cheyo kama wanafunzi wa shule mbalimbali waliotoroka vipindi.

Kuwafungia hataki. Ukimwambia, "Mama Jenifa, si uwajengee wavu wakae ndani siku nzima?" atakutazama kama umemwambia amfungie mtoto. Kuku aliyekaa ndani nyama yake ni sponji, na mchuzi wake ni maji yaliyoonyeshwa kuku kwa mbali. Kuku ni yule aliyeparura jalala, akakimbizwa, akaokota kumbikumbi mvua inapoanza. Na safari hii Apolinaria alikuwa na sababu kubwa ya kutaka kuku wa namna hiyo.

Binti yake wa pekee, Jenifa, aliolewa Sikonge na kijana mfuga nyuki, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama. Apolinaria aliposikia habari tu, akaenda bandani akamtazama kuku wake wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye vifaranga wake walikuwa na wiki mbili. Akaanza kukadiria. Ilipoonekana nani jike na nani dume, madume yalikuwa sita. Arobaini ya mzazi ni wiki sita kasoro siku mbili. Pora mmoja kwa kila wiki: jogoo mchanga ambaye hajaanza kuwika, nyama laini, mchuzi mzito. Mungu akikupangia hivyo, wewe utabisha nini?

Maana yeye mwenyewe alipomzaa Jenifa, kule Ziba, ulikuwa mwaka wa ukame. Alijifungua Jumatano, na Alhamisi akapewa uji wa mtama na chumvi. Ijumaa uji. Jumamosi uji na mlenda. Maziwa yalikawia, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka, na mama mkwe akakaa mlangoni ameshika tama kwa aibu ya kukosa cha kuchinja. Hakuna aliyekosea, ila Apolinaria hakusahau. Siku Jenifa alipovunja ungo aliapa peke yake, hakumwambia mtu: huyu hatalala arobaini kwa uji mtupu.

Ndiyo maana wale mapora sita aliwalinda kama mboni ya jicho lake. Mwewe alimjulia mapema. Wiki ya kwanza mwewe alibeba vifaranga wawili, na kuanzia hapo Apolinaria akawapaka waliobaki ile dawa ya zambarau ya vidonda, mgongo mzima, wakawa kama bilinganya zinazotembea. Mwewe akitazama toka juu anaona kitu asichokijua, na mwewe si mtu wa kujaribu vyakula vigeni. Kisha akatundika kamba kutoka kwenye mpapai hadi kona ya choo, akaning'iniza sidii za zamani za kwaya zilizokwaruzika. Upepo ukivuma, uwanja wote unametameta. "Waliimba miaka kumi," alimwambia Jenifa kwenye simu, "sasa wanafukuza mwewe. Utumishi ni ule ule."

Uani kwa pili, nyuma ya ua wa minyaa, anakaa Thabit na mkewe Zeyana. Zeyana ni mzaliwa wa Tabora hapa hapa, wa ukoo wa Waarabu waliokuwa na duka la nguo. Thabit ni Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa na kazi ya reli, akaoa, akastaafu, akasahau kurudi. Uani kwake kuna rundo la mataruma, yale magogo ya mbao yanayolaliwa na reli, aliyonunua alipostaafu, akisema atajengea kibanda cha kunywea kahawa. Huu ni mwaka wa saba, na kahawa bado anainywea kwenye kigoda mbele ya nyumba.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Utani wenyewe ulianza zamani, babu zake Apolinaria walipokuwa wakipita kwao Thabit na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana ukacheka, anaweza kuingia uani kwako akabeba kitu, na wewe huna pa kushtaki. Sheria ni moja: mtani akikusingizia jambo, hukatai. Ukikataa umeshindwa. Unachofanya ni kuongeza chumvi.

"Wewe Mnyamwezi," Thabit alimwambia siku moja juu ya minyaa, "hao kuku unanifugia mimi. Siku nikisikia njaa nachukua mmoja, na usiniletee kelele."

"Chukua," Apolinaria akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ila utafune polepole. Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu kama vituo vya treni."

Siku mbili baadaye, jioni, mguu wa kijani haukuingia bandani.

Mtu mwingine angezunguka mtaa mzima akiita. Apolinaria alishika kiuno akacheka. "Mzaramo amefanya kweli!" Akalala. Asubuhi, Thabit alipokwenda msikitini, Apolinaria alipita kwenye upenyo wa minyaa ambao kuku wake hupitia, akachukua birika la shaba la kahawa juu ya jiko la mkaa, akaenda nalo kwake. Jioni wakakutana njiani.

"Vipi, Mzaramo? Kuku alikuwa mtamu?"

Thabit hakujua habari ya kuku yeyote. Lakini angejibuje?

"Mtamu," akasema huku akijifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. "Kasoro shingo. Nyembamba kama ya mwenyewe."

"Na kahawa umekunywa?"

"Nimepika kwenye sufuria. Imetoka nzuri kuliko siku zote. Kaa nalo hilo birika ujifunze ustaarabu."

Majirani waliosikia walicheka mpaka wakashika ukuta. Jumapili, Apolinaria alipotoka kanisani, mguu wa kaki haukuwepo. Akachukua kigoda cha Thabit. Thabit akahamia kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatangaza mbele ya watu kwamba pora wa pili aliungwa na nazi na kwamba mifupa amempa paka. Zeyana alikuwa akitikisa kichwa tu. Alidhani mumewe ananunua kuku mahali, anakula na wazee wenzake, na kwa umri ule hakutaka kuuliza.

Alhamisi ukapotea mguu wa damu ya mzee.

Hapo kicheko hakikuja. Apolinaria alisimama mlangoni mwa banda mpaka giza likaanza kuingia, akahesabu tena, miguu ileile. Mapora walibaki watatu: bluu, nyeupe na zambarau. Na Jenifa alikuwa anakuja Jumamosi ya wiki inayofuata. Mtani anachukua kimoja mkacheka. Anachukua cha pili kwa ubishi. Lakini Thabit alijua wale ni wa nani. Yeye ndiye aliyeombwa kuwachinja, maana kwa Apolinaria kisu hushikwa na Mwislamu ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Mtu anaweza kula chakula cha mzazi kwa utani?

Asubuhi alikaa kwenye cherehani akashona mkono wa shati mahali pa kola. Akafumua. Akashona tena palepale. Akazima redio, akajifunga khanga kichwani, na badala ya kupita kwenye upenyo akazunguka kwa barabarani kama mgeni.

"Hodi."

"Karibu, Mnyamwezi mwizi wa vigoda," Thabit akaitikia kutoka kwenye ndoo yake.

"Shikamoo, Mzee Thabit."

Thabit akasimama. Kikombe kikamwagikia kanzu. Katika miaka kumi na tisa ya ujirani, yule mwanamke hakuwahi kumwamkia.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Jenifa?"

"Jenifa mzima. Nimekuja nje ya utani, mzee wangu. Wale mapora watatu, umewala kweli?"

Zeyana alikuwa ametoka jikoni na upawa mkononi. Thabit alimtazama mkewe, akamtazama Apolinaria, akatazama kanzu yake yenye kahawa.

"Mama Jenifa," akasema taratibu, "kuku wako sijagusa hata unyoya."

"Si ulisema shingo nyembamba!"

"Ulitaka nisemeje? Niseme sijui kitu, unicheke mpaka Krismasi?"

"Na nazi?"

"Nazi niliitunga. Kwani Tabora nazi naipata wapi ya kuchezea?"

"Na kwa nini hukuuliza birika nimelichukulia nini?"

"Nilidhani umelipenda."

Zeyana akapiga upawa kwenye kiganja. "Nyie watu wazima! Wiki mbili mnatambiana, na kumbe kuna kitu kinakula kuku mnakisindikiza kwa vicheko?"

Apolinaria alikaa kwenye ngazi, kwanza akataka kulia, kisha bega likaanza kumcheza, akacheka kicheko kisichokuwa na raha. Siku ile mguu wa kijani ulipopotea, kama angemtafuta, angemwona adui mapema na hao wawili wangekuwepo. Lakini utani ndio ulikuwa umeshika tochi na kumulika pembeni.

Wakaanza kutafuta, wote watatu, mchana kweupe. Kuku hupotea mchana, Apolinaria alisema, kwa sababu asubuhi huwatoa wote wakiwa wametimia. Basi si kicheche, huyo ni wa usiku. Mwewe hambebi pora wa ukubwa ule. Wakafuata njia ya kuku kutoka bandani, chini ya sidii, mpaka kwenye upenyo wa minyaa. Upande wa Thabit majani yalikuwa marefu hadi gotini, na kwenye majani kulikuwa na kijia chembamba kilicholala, kama mtu amekokota fimbo. Kijia kilikwenda moja kwa moja kwenye rundo la mataruma.

Zeyana ndiye aliyeinama. Alivuta kitu kati ya mataruma mawili, akakishika juu. Utepe wa kijani, umetafunwa ncha.

Apolinaria akamgeukia Thabit, na kwa mara ya kwanza tangu jana utani ukamrudi usoni.

"Kumbe mwizi ni mpangaji wako."

"Sikumwandikisha mimi."

"Miaka saba unamjengea nyumba ya mbao. Kodi anakulipa kwa kuku wangu."

Thabit akaona njia ya kuokoa heshima ni kazi. Akaleta mtaimbo, akatia chini ya taruma la juu, akanyanyua. Kitu chembamba, kirefu kama mkono, cha rangi ya vumbi na mkia wenye ncha nyeusi, kikachomoka katikati ya miguu yake. Mzee wa reli alijikuta juu ya ndoo yake ya kahawa, kanzu ameishika kwa mikono miwili, na ndoo ikapiga kelele ya bati.

"Nguchiro!" Zeyana akapiga kelele.

"Mzaramo kapanda treni," Apolinaria akasema.

Thabit aliokota jiwe. Lakini nguchiro hakukimbia mbali. Alifika kwenye minyaa, akasimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayechungulia dirisha, akawatazama. Wakati huohuo, chini ya mataruma, kikasikika kilio chembamba. Apolinaria akapiga magoti, akachungulia. Kulikuwa na watoto wawili wamelala juu ya manyoya ya kuku wake, na juu ya manyoya kipande cha kaki na kipande cha damu ya mzee.

Akamtazama tena yule pale kwenye minyaa. Tumbo lake la chini lilikuwa na chuchu zilizojaa.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi na kuikubali hukumu, "Basi mapora wameliwa na mzazi. Bahati mbaya si yule niliyemkusudia."

"Niwatoe niwatupe ng'ambo ya reli?" Thabit akauliza, jiwe bado mkononi.

"Rudisha taruma."

"Mama Jenifa!"

"Rudisha, mzee wangu. Mama akishaona wanawe wameonwa, hakai tena hapo. Mpe usiku wa leo. Kuku nitawafungia."

Kwa hiyo kwa siku mbili Apolinaria, adui wa mabanda yaliyofungwa, aliwafungia kuku wake, na kuku wakamtukana kutwa nzima. Yeye akawa anawapelekea mchicha na mchwa na kuomba radhi. Asubuhi ya pili Zeyana, aliyeamka kuwasha mkaa, alimwona nguchiro akipita mtaroni na mtoto mdomoni kuelekea porini bondeni, akarudi, akapita tena na wa pili. Hakugeuka kuaga.

Hapo ndipo kazi ikaanza. Thabit alifyeka majani yote kando ya minyaa, maana nguchiro hapendi kuvuka mahali peupe. Mataruma yaliburutwa moja moja yakalazwa chini ya ua, yamebanana, hata panya angeomba ruhusa. Upenyo wakauacha mmoja tu, na mbele ya upenyo huo Thabit akaweka kigoda chake kilichorudishwa na jiko lake la kahawa. Kuku wakaanza kutolewa jua likishapanda na umande kukauka, muda ambao Thabit naye ameshakaa. Asubuhi na alasiri anakunywa kahawa, fimbo mapajani, macho kwenye majani.

"Oneni," Apolinaria aliwaambia wateja wake wa sare. "Babu zangu walibeba mizigo mpaka kwao miguu ikapasuka. Leo Mzaramo amekuja kuchunga kuku wa Mnyamwezi. Dunia inalipa."

"Birika langu," Thabit akasema bila kugeuka.

Alilirudisha. Kifuniko hakukirudisha.

Jumamosi Jenifa akashuka kwenye basi la Sikonge na dumu la asali na tumbo lililomtangulia. Jumatano akajifungua, mtoto wa kiume, salama. Pora wa bluu alichinjwa Alhamisi, Thabit akisoma bismillahi, Zeyana akileta tangawizi na pilipili manga. Jenifa alikunywa mchuzi bakuli mbili, jasho likimtoka puani, na kabla ya jioni maziwa yalikuwa yamelowesha khanga. Apolinaria alikaa mlangoni akamwangalia mtoto anavyomeza, glu, glu, glu. Alikuwa anasikiliza.

"Mayu," Jenifa akamwuliza baadaye, "kwenye simu ulisema sita. Mbona bandani nimeona mapora wawili tu?"

Ikabidi amweleze. Alipofika kwenye ndoo, Jenifa alishika tumbo kwa mikono miwili. "Basi, mayu, basi! Utanifumua!"

Lakini usiku ule mama alihesabu tena kichwani. Wiki tatu zilikuwa na pora. Tatu zilizobaki zilikuwa na maharage. Maharage si uji wa chumvi, alijiambia. Mtu amshukuru Mungu. Alijiambia hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na siku pora wa zambarau alipoingia sufuriani.

Kesho yake, asubuhi, hodi ikapigwa upande wa barabarani. Alikuwa Thabit, kanzu imepigwa pasi, na nyuma yake Zeyana amebeba majogoo watatu waliofungwa miguu. Jogoo wa kwanza alikuwa na utepe wa kijani uliotafunwa ncha. Wa pili wa kaki. Wa tatu wa damu ya mzee. Tepe zilikuwa zimefuliwa.

"Mapora wako hawa," Thabit akasema.

Apolinaria akawatazama wale majogoo. Walikuwa wakubwa, na vilemba vimewaangukia jichoni. "Hawa si mapora. Hawa wana wajukuu."

"Walikuwa tumboni mwangu, wamekua humo. Nilisema mbele ya mtaa nimewala, au sikusema? Na nazi nikataja. Sasa Mzaramo ale kuku wa mzazi halafu anyamaze? Wazee wa Kisarawe watanicheka."

Apolinaria akawapokea majogoo, akawafungua miguu. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kifuniko cha birika, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinaonyesha uso.

Thabit akakipokea, akakipiga ukucha kusikia mlio wake, kisha akanyoosha shingo kuelekea chumbani. "Haya, nimekuja kumwona mpagazi mpya. Yuko wapi?" Alipoonyeshwa, alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Mbona kichwa kidogo? Mzigo atabebea wapi?"

"Shikamoo, babu," Jenifa akasema kitandani, anajizuia kucheka. "Atabeba kuku wako akukimbize nao."

"Marahaba. Huyu kweli Mnyamwezi."

Jioni ile Apolinaria alisimama mlangoni mwa banda akahesabu. Miguu ya kishingo na binti zake ikapita. Ukapita wa kijani, ukapita wa kaki, ukapita wa damu ya mzee, mzito, mwenye kucha za kizee. Na nyuma yao, kwenye upenyo wa minyaa, ilionekana miguu miwili isiyo na utepe, imevaa ndala, ya mtu aliyeinama kuchungulia kama wametimia.

"Wametimia, Mzaramo," akaita. "Kalale."